Umeteka mji usioutaka: hatua za kufuata kwenye Civilization V

Dirisha hufunguka katikati ya skrini wakati damu ingali inachemka. Umeupiga ukuta zamu sita, umepoteza mizinga miwili, hatimaye askari wa bunduki wameingia, na gemu linakuuliza mji huu ufanywe nini. Wengi hubonyeza kitufe chochote kilicho karibu ili wauwahi mji unaofuata. Nami nilicheza hivyo kwa muda mrefu, na vita vingi nilivyoshinda uwanjani nikaja kuvipoteza nyumbani, zamu kumi baadaye, kwa sababu ya miji ambayo tangu mwanzo sikuwa na kazi nayo.

Mwongozo huu ni wa Civilization V, gemu la kompyuta la kujenga himaya zamu kwa zamu, la kampuni ya Firaxis, lililotoka mwaka 2010, likiwa na nyongeza ya Brave New World ya mwaka 2013. Namba nitakazotaja ni za ramani ya ukubwa wa kawaida na ngazi ya ugumu iitwayo Prince kwenda juu. Ngazi za chini hupunguziwa mzigo. Mwishoni nitasema machache kuhusu Civilization VI, maana mambo yake ni tofauti kabisa.

Gemu halina toleo la Kiswahili, kwa hiyo vitufe utavisoma kwa Kiingereza. Annex ni kuutwaa mji rasmi, uwe wako kama ile uliyoijenga mwenyewe. Puppet ni kuufanya mji kibaraka: bendera ni yako, lakini gavana wa kompyuta ndiye anayeamua kijengwe nini. Raze ni kuubomoa hadi uishe. Mara nyingine hutokea kitufe cha nne, Liberate, yaani kumrudishia mji aliyeuanzisha.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya furaha kabla ya kuingia

Uamuzi mzuri hufanywa jeshi likiwa bado nje ya ukuta. Juu ya skrini kuna sura inayotabasamu na namba pembeni yake. Hiyo ndiyo akiba yako ya furaha, na kila mji unaoutia mkononi utakula sehemu yake.

Mji wa kawaida, na mji kibaraka pia, hula pointi 3 kwa kuwepo tu, kisha pointi 1 kwa kila mkazi. Mji uliotwaliwa rasmi ambao haujajengwa mahakama (Courthouse, jengo linaloondoa mzigo wa utekaji) hula pointi 5 kwa kuwepo, na pointi 1.34 kwa kila mkazi. Mji unaobomolewa huhesabiwa kwa kiwango hichohicho kikali mpaka utoweke. Kumbuka pia kwamba mji ukitekwa hupoteza karibu nusu ya wakazi wake, kwa hiyo mji wa wakazi 10 utaupokea ukiwa na 5 hivi. Kwa kibaraka hiyo ni pointi 8. Ukiutwaa rasmi ni 11.7.

Namba hizi zina uzito kwa sababu ya kinachotokea ukishuka chini ya sifuri. Ukuaji wa miji yako hupungua kwa asilimia 75. Kila pointi inayokosekana hudhoofisha jeshi, uzalishaji na mapato. Ukifika pointi 10 chini ya sifuri, ukuaji husimama kabisa na huwezi kutengeneza walowezi. Ukiendelea kushuka, waasi huzuka ndani ya mipaka yako na kuanza kuharibu mashamba.

Nitatoa mfano wa mchezo wangu mwenyewe, maana ndio ulionifundisha. Nilikuwa Ethiopia chini ya Haile Selassie, nina miji minne na akiba ya furaha 9. Jirani yangu alikuwa Askia wa Songhai, mwenye miji kumi. Nilivamia na ndani ya zamu chache nikateka mitatu: Gao, mji mkuu wake, ukabaki na wakazi 5, Taghaza, huko kwenye baridi ya kaskazini, wakazi 4, na Jenne wa pwani, wakazi 3. Yote nikaitwaa rasmi. Hesabu yake ni 11.7 na 10.4 na 9, jumla pointi 31. Kutoka 9 juu ya sifuri nilitumbukia hadi 22 chini. Zamu chache baadaye waasi walizuka kati ya Addis Ababa na mpaka, huku jeshi langu lote likiwa kwa Askia. Ilibidi nirudi kwenye mchezo niliokuwa nimeuhifadhi zamu ishirini nyuma.

Hata ningeifanya yote mitatu vibaraka, ningekula pointi 21 na kuwa 12 chini. Ndiyo maana nasema hesabu ije kwanza. Akiba ya 9 haiwezi kubeba miji mitatu kwa mpigo, hata ukichagua kitufe kipi. Baadaye nitaeleza nilivyofanya nilipoanza upya.

Hatua ya pili: uchunguze mji ukiwa bado wa adui

Peleka kishale juu ya mji na uangalie vigae, yaani vile vipande vya pembe sita vinavyounda ramani, vinavyouzunguka. Swali langu la kwanza siku zote ni la anasa: je, kuna bidhaa ya anasa ambayo sina? Lulu, hariri, viungo, pembe za ndovu, chochote kati ya hivyo huipa himaya yako nzima furaha 4. Mji mdogo wenye anasa mpya hujilipia karibu gharama yake yote. Jenne wa wakazi 3 ulinigharimu pointi 6, lakini lulu zake zilinirudishia 4. Mji kama huo haubomolewi.

Swali la pili ni la maajabu. Maajabu ya dunia hubaki yamesimama baada ya mji kutekwa, na faida yake unaipata wewe. Majengo mengine mengi huteketea vitani.

La tatu ni mahali. Mji ulioko kwenye mlango bahari, au kwenye njia ya mlima inayomleta adui kwako, una thamani hata kama ardhi yake haifai kulimwa. Usiidharau jangwa na nchi ya baridi pia. Mafuta hayaonekani kwenye ramani mpaka ujifunze Biolojia, na mara nyingi hutokea kwenye maeneo hayohayo ambayo hapo mwanzo yanaonekana hayana kitu.

Kisha kuna miji ambayo gemu lenyewe halitakuruhusu kuibomoa: mji mkuu wa asili wa taifa lolote, mji mtakatifu wa dini yoyote, na miji-dola, yaani mji mmoja unaojitawala wenyewe. Mombasa na Zanzibar zimo kwenye gemu hili kama miji-dola, na kila ninapozikuta ramani moja huwa natabasamu. Hizo hata uziteke kwa nguvu kiasi gani, kitufe cha kubomoa hakitakuja. Kwa miji ya aina hii chagua kati ya kibaraka, kutwaa na kurudisha, basi.

Mji ukishindwa maswali yote hayo, hauna anasa mpya, hauna ajabu, haulindi njia, na umebanana na miji mingine inayogombea vigae vilevile, huo ndio mji usioutaka.

Hatua ya tatu: jiulize kama kuna haja ya kuuteka

Wengi huiruka hatua hii, na kwa maoni yangu hakuna inayookoa zaidi yake. Kuuharibu mji bila kuumiliki kunawezekana. Zunguka mashamba na migodi yake, upore kila kigae: kila unapopora, kikosi chako hupona majeraha na unapata dhahabu. Mji ulioporwa hivyo hautakusumbua kwa muda mrefu, na furaha yako haijaguswa hata kidogo.

Pia mizinga na wapiga mishale hawawezi kuuteka mji hata wakiumaliza nguvu kabisa. Lazima kikosi cha kupigana ana kwa ana kiingie. Hilo ni jambo zuri kwako. Unaweza kuushikilia mji ukiwa hoi kwa zamu kadhaa, ukiupiga kidogo kila zamu usipone, huku ukisubiri akiba ya furaha irudi. Kuingia ni pale utakapotaka wewe.

Na unapofanya amani, angalia meza ya mapatano kwa makini. Mfalme aliyeshindwa mara nyingi hukupa miji yake ili vita viishe, na huwa anatoa ile ya pembezoni isiyo na faida. Iondoe mezani. Omba dhahabu, dhahabu ya kila zamu, au bidhaa za anasa. Nimeona wachezaji wakipokea miji mitatu ya theluji kwa furaha kama zawadi ya harusi, kisha wakashangaa kwa nini himaya nzima imenuna.

Hatua ya nne: ukiwa na shaka, kibaraka kwanza

Mji ukitekwa huingia kwenye kipindi cha upinzani, ambacho kwa kawaida huchukua zamu sawa na idadi ya wakazi waliobaki. Kama utamaduni wako umeshaenea kwa watu wa taifa lile kupitia utalii, kipindi hicho hufupika. Wakati wa upinzani mji hauzalishi kitu na huwezi kununua chochote humo. Kwa hiyo ukiutwaa rasmi siku ileile, unalipa kiwango kikali cha kukosa furaha zamu zote hizo na mahakama huwezi kuinunua.

Mji kibaraka waweza kuutwaa rasmi zamu yoyote baadaye. Mji uliokwisha kutwaliwa haurudi kuwa kibaraka. Mlango ni wa kuingilia tu, ndiyo maana nakushauri uchelewe kuupita.

Kibaraka ana faida nyingine. Haongezi gharama ya sera za kijamii, zile faida za kudumu unazozilipia kwa utamaduni, ilhali kila mji uliotwaa huipandisha kwa asilimia 10. Pia hahesabiwi kwenye masharti ya maajabu ya kitaifa. Kama unataka kujenga Chuo cha Taifa, ambacho kinadai maktaba katika kila mji wako, kibaraka asiye na maktaba hakuzuii, lakini mji uliotwaa jana unakuzuia.

Hasara zake nazo ni hizi: hutoa sayansi na utamaduni pungufu kwa asilimia 25, na hakusikilizi kabisa kuhusu ujenzi. Tena, gharama ya utafiti hupanda kwa asilimia 5 kwa kila mji ulio nao, na hapo vibaraka nao wamo. Kibaraka wa wakazi wawili kule kwenye theluji hawezi kulipa hiyo asilimia 5. Huyo ndiye wa kubomolewa.

Hatua ya tano: kubomoa bila kujiumiza

Ukichagua Raze, mji hupoteza mkazi mmoja kila zamu hadi uishe na kuacha magofu. Barabara, mashamba na migodi iliyouzunguka hubaki, ila ardhi haina mwenyewe tena.

Sasa rudi kwenye hesabu. Mji wa wakazi 6 kama kibaraka hula pointi 9. Ukianza kuubomoa, zamu ya kwanza hula 13. Unaanza kupata nafuu kuliko kibaraka pale tu wakazi wanapobaki wawili, yaani baada ya zamu nne. Watu hubomoa miji mitatu kwa pamoja wakidhani wanapunguza mzigo, kumbe kwa zamu kadhaa wameuongeza. Bomoa mmoja mmoja. Ule wa pili uache hoi nje ya ukuta kama nilivyoeleza, mpaka wa kwanza ukaribie kwisha.

Nilipoanza upya ile vita yangu na Askia nilikwenda kwa mpangilio huu. Taghaza kwanza, nikaubomoa: akiba ikashuka kutoka 9 hadi moja na kitu chini ya sifuri, kisha ikapanda kila zamu, na baada ya zamu nne nilikuwa 9 tena. Ndipo nikaingia Gao na kuufanya kibaraka, nikabaki na 1. Mwisho Jenne, kibaraka pia: pointi 6 zikatoka, 4 za lulu zikaingia, nikawa moja chini ya sifuri. Uwanja mmoja wa michezo kule Addis Ababa uliongeza furaha 2 na himaya ikatulia. Miji ni ileile mitatu na askari ni walewale.

Kwa Ethiopia kulikuwa na sababu ya ziada. Uwezo wao wa pekee, unaotokana na kumbukumbu ya Adwa, ambako Ethiopia iliwashinda Waitaliano, huwapa askari nguvu ya ziada ya asilimia 20 wanapopigana na taifa lenye miji mingi kuliko yao. Vibaraka nao huhesabiwa. Askia alikuwa na kumi, mimi minne. Ningeshika yote mitatu tungekuwa saba kwa saba, na ile asilimia 20 ingepotea katikati ya vita. Kwa kuubomoa Taghaza nikawa na sita dhidi ya saba zake, na askari wangu wakaendelea kupigana kama watu wa Adwa. Kwa hiyo soma vizuri uwezo wa taifa unalolicheza kabla hujabonyeza.

Wakati ubomoaji unaendelea, usiondoke na jeshi lote. Adui akiurudisha mji umebaki na mkazi mmoja, zile zamu zako zote zimekwenda bure. Acha kikosi ndani na kingine barabarani. Pia fikiria nani ataichukua ardhi: mataifa yanayoendeshwa na kompyuta hayaoni kiwanja kitupu yakakiacha. Kama eneo unalitaka lakini mji ulikuwa umekaa vibaya, andaa mlowezi mapema, afike zamu ileile mji unapotoweka. Mji mpya utakaouanzisha hauna mzigo wa utekaji na unauweka kigae unachokipenda wewe.

Ukibadili mawazo katikati, ubomoaji unaweza kusimamishwa. Ila mji hubaki umetwaliwa rasmi, sio kibaraka, na utahitaji mahakama.

Hatua ya sita: kumpa mwingine

Mji usioutaka unaweza kuwa dawa ya tatizo lingine. Fungua meza ya biashara na kiongozi asiye adui yako na uuweke mji upande wako. Kwenye Brave New World, dhahabu ya mkupuo mmoja hupatikana tu kwa aliyetangaza urafiki na wewe. Wengine watalipa kwa zamu. Ninapendelea kumpa taifa dogo linalopakana na adui yangu mkubwa. Mji unakuwa ngao: adui akitaka kunifikia, lazima kwanza apigane na huyo. Usimpe mwenye nguvu kuliko wewe. Atakuwa amepata kituo cha jeshi mlangoni kwako, tena kwa idhini yako.

Kurudisha mji kwa mwenyewe ni bora zaidi pale inapowezekana. Kama Askia alikuwa ameiteka Zanzibar na wewe ukaichukua kwake, kitufe cha Liberate kitakuwepo. Ukikibonyeza, mji-dola unafufuka na unakuwa mshirika wako papo hapo. Taifa lililokuwa limefutwa kabisa nalo hurudi duniani likikukumbuka kwa wema huo. Na sifa yako mbaya ya kupenda vita, ambayo huongezeka kila unapoteka, hupungua unapokomboa. Sikumbuki hata mara moja niliyojutia kukomboa mji-dola, lakini nimejutia kuushika.

Hatua ya saba: ni lini utwae rasmi

Mara chache, na kwa sababu inayotajika. Mji mkubwa wenye mito na migodi, ambao unaweza kukutengenezea vikosi karibu na uwanja wa vita, unafaa. Mji wenye ajabu ambao unataka kuuendesha mwenyewe unafaa. Mingine iache.

Ukiamua, subiri upinzani uishe, weka kando dhahabu ya kununulia mahakama, twaa mji na uinunue zamu hiyohiyo. Kuijenga kwa mji wenyewe hudai pointi 100 za uzalishaji, na mji uliotoka vitani unaweza kuchukua zamu ishirini na zaidi. Mahakama inahitaji ujuzi wa Hisabati na hula dhahabu 4 kila zamu kwa matunzo. Ikishasimama, mji unahesabiwa kama ule uliouzaa mwenyewe. Wanaofuata itikadi ya Autocracy wana sera ya Police State, ambayo huijenga mahakama kwa nusu ya muda na kuongeza furaha 3 kwa kila moja. Hao wanaweza kutwaa miji kwa ujasiri kuliko sisi wengine.

Hatua ya nane: kumlea kibaraka

Gavana wa kibaraka hupenda dhahabu kuliko vyote. Usishindane naye, msaidie. Peleka wafanyakazi na ujenge vituo vya biashara kwenye vigae vyake badala ya mashamba. Mapato yanapanda, na kwa kuwa chakula ni kidogo mji haukui haraka, kwa hiyo haukuongezei wakazi wa kununa. Mashamba aliyoyaacha adui yabadilishe pole pole, ukianza na yaliyo kando ya mto.

Ukifuata mkondo wa Liberty hadi sera ya Meritocracy, kila mji uliounganishwa na mji mkuu hukupa furaha 1, na barabara huleta mapato ya biashara pia. Ila kila kigae cha barabara hugharimu dhahabu 1 kwa zamu. Kwa mji wa mbali wenye wakazi watatu barabara ndefu ni hasara tupu. Ukifuata Honor, sera ya Military Caste hukupa furaha 1 kwa kila mji wenye kikosi cha ulinzi ndani yake. Vile vikosi vya zamani ambavyo havifai tena mstari wa mbele, vipe kazi hiyo.

Ukiwa umeshatumbukia

Kama umesoma haya tayari uko 15 chini ya sifuri, usianze kwa kubomoa kila kitu. Simamisha mashambulizi zamu hiyo. Angalia ni mji gani uliotwaliwa wenye wakazi wengi na ununulie mahakama. Mji wa wakazi 6 utakurudishia pointi 4 hivi mara moja. Kisha nunua au kubadilishana anasa na yeyote aliye tayari, hata kwa bei mbaya, maana furaha 4 kwa wakati huo zina thamani kuliko dhahabu. Miji-dola ya biashara nayo hukupa furaha ukiwa rafiki yao. Ndipo uchague mji mmoja ulio mdogo kuliko yote na kuubomoa, kwa sababu huo ndio utakaokwisha mapema. Kama ni kibaraka, itakubidi uutwae kwanza kisha uubomoe. Amani na adui ifanywe zamu hiyohiyo kama anaikubali.

Kwa wanaocheza Civilization VI

Huko hakuna kibaraka, na ukichagua kubomoa mji hutoweka papo hapo. Ila chaguo hilo hulipati tena baadaye, kwa hiyo uamuzi ni wa zamu ileile. Kinachotawala ni utiifu, ulioletwa na nyongeza ya Rise and Fall mwaka 2018. Kila mji huanza kwenye kipimo cha hadi 100 na kuvutwa na wakazi wa miji iliyo ndani ya vigae 9. Mji ulioteka ukiwa umezungukwa na miji ya adui utavutwa upande wake kila zamu, na ukifika sifuri huasi na kuwa mji huru.

Njia ya kuushika ni kumpeleka gavana, ambaye huongeza utiifu 8 kwa zamu, na kuweka kikosi ndani. Lakini njia yenyewe hasa ni kuteka miji inayopakana upesi upesi, ili wakazi wanaouvuta mji wawe wako. Miji miwili ya jirani ikitekwa ndani ya zamu tatu hushikana. Mmoja peke yake hauishi. Kwenye Gathering Storm ya mwaka 2019 kubomoa huzua malalamiko mazito kwa mataifa mengine, kwa hiyo huko mimi huuacha mji mbovu uasi wenyewe. Ukishakuwa mji huru hauna taifa nyuma yake wala mshirika wa kuutetea, na kama baadaye nitauhitaji kweli, nitaurudia nikiwa tayari nimeshika majirani zake.